Kiburma na Kitulu: sentensi zinazofanana, koo zisizohusiana

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa,

Mburma anapokutana na mtu anayemfahamu humuuliza “htamin sa pi bi la”, yaani kama amekwisha kula wali. Mtulu wa pwani ya kusini-magharibi mwa India, aliyetenganishwa na Burma na rasi nzima ya Hindi pamoja na Ghuba ya Bengali, huuliza “onas anda”, yaani kama mlo umekwisha. Katika maamkizi yote mawili chakula kinatajwa kwanza, kitenzi kinafuata, na alama ya swali inakaa mwisho kabisa: “la” kwa Kiburma, irabu “a” kwa Kitulu. Msomaji akiishia hapo, ataondoka akiamini kuwa lugha hizi ni ndugu. Hazina undugu wowote unaojulikana, na katika uzi huu ninataka kuonyesha kwamba mfanano wake ni wa mpangilio tu, kwamba ukiingia ndani ya neno kila lugha inakwenda njia yake, na kwamba tofauti ya hadhi kati yake, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, haina chanzo chochote katika sarufi.

Kiburma ni lugha ya familia ya Kisino-Tibeti na ndiyo lugha rasmi ya Myanmar, nchi iliyoitwa Burma zamani. Wanaoizungumza kama lugha ya kwanza wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 30, na mamilioni ya Washan, Wakaren, Wamon na wengineo huitumia kama lugha ya pili. Kitulu ni lugha ya familia ya Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kimalayalam, Kikannada na Kitelugu, na makao yake ni wilaya za Dakshina Kannada na Udupi katika jimbo la Karnataka, pamoja na sehemu ya Kasaragod katika jimbo la Kerala. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wasemaji 1,846,427. Mji wao mkubwa ni Mangalore, ambao wenyewe huuita Kudla. Wasomaji wa pwani yetu wameuona mji huo juu ya mapaa bila kujua, kwa kuwa vigae vyekundu vya Mangalore, ambavyo Misheni ya Basel, shirika la wamisionari kutoka Uswisi, ilianza kuvitengeneza kiwandani mwaka 1865, viliuzwa hadi Afrika Mashariki, na hata Burma yenyewe.

Kabla sijaendelea, nieleze kwamba maneno ya lugha hizi nimeyaandika kwa herufi zetu bila alama za toni wala za urefu wa irabu, na pale toni inapokuwa na maana nitaitaja.

Nianze na kitenzi. Katika Kiburma cha mazungumzo, mzizi “sa”, wenye maana ya kula, haubadiliki kamwe. Ukisema “sa de” umesema kwamba kitendo kinafanyika au kilifanyika. Ukisema “sa me” umekipeleka katika yale yatakayokuja. Ukisema “ma sa bu” umekikanusha kwa kukizungushia vipande viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, jambo ambalo Mswahili anayekumbuka “ha-…-i” ya “hali” au “hasomi” hatalishangaa. Lakini hakuna popote katika kitenzi hicho panapoonyesha ni nani anayekula. Mimi, wewe, yeye na wao wote wana “sa de” moja, na mhusika asipotajwa hutambuliwa kwa muktadha. Kitulu kiko kinyume kabisa. “Yan barpe” ni “mimi ninakuja”, “aye barpe” ni “yeye mwanamume anakuja”, “al barpal” ni “yeye mwanamke anakuja”, na “avu barpundu” ni kitu au mnyama anayekuja. Maumbo mawili ya kwanza yanaonekana sawa kwa herufi zetu, lakini irabu ya mwisho ya nafsi ya kwanza hutamkwa kwa kinywa kilichopanuka zaidi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayombainisha msemaji na anayesemwa. Kwa ufupi, Kitulu kinapatanisha kitenzi na kiima kama tunavyofanya sisi, ila kiambishi chetu kinatangulia na chao kinakuja nyuma. Hata katika “onas anda” niliyoitaja juu, kitenzi kimepatanishwa na mlo, si na mtu anayeulizwa.

Suala la jinsia linanivutia zaidi, maana lugha zote mbili zinaijali jinsia, lakini kila moja inaijali ya mtu tofauti. Kitulu kinatazama jinsia ya anayesemwa, kama tulivyoona. Kiburma kinatumia “thu” kwa mwanamume na mwanamke wa nafsi ya tatu, lakini kinatazama jinsia ya anayesema: kwa lugha ya adabu mwanamume hujiita “kyanaw” na mwanamke hujiita “kyama”, na mtu akizungumza na mtawa wa Kibuddha hubadilisha tena namna ya kujitaja. Heshima nayo inagawanyika vivyo hivyo. Mtulu akimtaja mzee humwita “ar” badala ya “aye” au “al”, na kitenzi kinaingia katika wingi, kama vile baadhi yetu tunavyosema “baba wamekuja”. Mburma analo neno dogo la upole la kupachika katika sentensi, lakini mzigo mkubwa wa heshima anaubebesha viwakilishi na majina ya udugu kama mjomba, shangazi, kaka na dada, ambayo huyatumia hata kwa mtu asiye na undugu naye.

Kuhesabu ni eneo jingine ambalo watu hulitaja haraka mno. Kiburma hakisemi “watu watatu” kwa kuweka namba kando ya nomino na kuishia hapo. Lazima liingie neno la kuhesabia linaloonyesha aina ya kinachohesabiwa. Watu huhesabiwa kwa “yauk”, hivyo “lu thon yauk” ni watu watatu. Wanyama huhesabiwa kwa “kaung”, hivyo “khwe hna kaung” ni mbwa wawili. Na watawa huhesabiwa kwa “pa”, neno ambalo halitumiki kwa raia wa kawaida. Ngeli zetu zinafanya kazi inayokaribiana na hiyo, kwa kuwa nazo zinavipanga vitu katika makundi, lakini ngeli huenea katika sentensi nzima ilhali neno la kuhesabia la Kiburma linaonekana pale tu penye hesabu. Kitulu hakina mfumo huo. Kinachofanya ni kutenganisha hesabu ya watu na hesabu ya vitu ndani ya namba yenyewe: “onji” ni moja ya kitu, “ori” ni mwanamume mmoja, “orti” ni mwanamke mmoja; “muji” ni tatu, na watu watatu ni “muver”.

Jambo ambalo Kiswahili kingelihitaji na hakinalo limo katika Kitulu: “nama” ni sisi pamoja nawe unayesikiliza, na “enkulu” ni sisi bila wewe. Kiburma hakijishughulishi na mgawanyo huo.

Katika matamshi umbali ni mkubwa zaidi. Kiburma ni lugha ya toni, na toni zake nne hazitofautiani kwa kimo cha sauti tu: ipo ya chini, ipo ya juu iliyovutwa, ipo inayokwaruza kooni, na ipo inayokatwa ghafla. Silabi “nga” kwa toni ya chini ni “mimi” ya watu waliozoeana. Kwa toni ya juu ni “tano”, na pia ni “samaki”. Kitulu hakina toni. Kinategemea urefu wa irabu na konsonanti zinazotamkwa kwa kuukunja ulimi nyuma, tabia ya lugha za Kidravidi kwa jumla.

Sasa niingie katika suala la hadhi. Bagan, mji mkuu wa wafalme wa Burma tangu karne ya 11, ulikuwa na mahakama, watawa na waandishi. Nguzo ya Myazedi, iliyochongwa huko mwaka 1113 kwa amri ya mwana wa mfalme Kyansittha, ina maandishi ya maana moja katika lugha nne, moja kila upande: Kipali (lugha ya maandiko ya Kibuddha), Kipyu, Kimon na Kiburma. Wakati huo Kiburma kilikuwa mgeni mezani pa lugha zilizokitangulia kuandikwa, lakini kilipewa upande wake wa jiwe. Kuanzia hapo hakikukosa mfalme wa kukitumia hadi Waingereza walipoiangusha enzi ya mwisho mwaka 1885, na kwa karne hizo zote watawa walikuwa wakiwafundisha watoto wa kiume kusoma.

Kitulu hakikupata upande wa jiwe. Watawala wa pwani hiyo waliandika hati zao hasa kwa Kikannada na Kisanskriti, lugha ya kale ya dini na elimu ya India. Kinachonishangaza ni kwamba nasaba ya tatu ya dola kuu ya Vijayanagara inaitwa nasaba ya Tuluva, yaani ya Watulu, na mfalme wake mashuhuri Krishnadevaraya, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529, alikuwa mshairi. Alitunga kwa Kitelugu. Walipofika wamisionari wa Basel mwaka 1834 mambo yalijirudia. Walijifunza Kitulu, wakakiandikia sarufi na kamusi, wakachapisha Agano Jipya mwaka 1847, lakini waliyachapa yote hayo kwa herufi za Kikannada, na gazeti la kwanza la Kikannada duniani lilichapwa mwaka 1843 katika mji huohuo wa Mangalore. Hati ya kale ya Tigalari, ambayo Mabrahmani wa huko, yaani watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, waliitumia zaidi kunakilia vitabu vya Kisanskriti kuliko kuandikia Kitulu, ikabaki kwenye majani ya mtende.

Kwa hiyo fasihi kubwa ya Kitulu ni ya mdomo. Nyimbo ndefu ziitwazo “paddana” huimbwa na wanawake wanapopandikiza mpunga, na pia katika ibada za mizimu. Mwaka 1990 mtaalamu wa fasihi simulizi kutoka Finland, Lauri Honko, alimrekodi mkulima na mwimbaji Gopala Naika akiutamba utenzi wa Siri (hilo ni jina la mtu). Ulipochapishwa mwaka 1998 ulikuwa na mistari 15,683. Urefu huo unakaribia ule wa Iliadi ya Wagiriki.

Mchangiaji wa pili:

Mleta mada, ahsante kwa uzi uliopangwa vizuri. Hata hivyo sijaridhika na namna ulivyoukataa undugu kwa sentensi moja. Dini ya Kibuddha na hati ya kuandikia zilitoka India zikafika Burma, na Waingereza waliitawala Burma kama jimbo la India hadi mwaka 1937. Kwa nini tusiseme kwamba mpangilio wa sentensi nao ulitoka India pamoja na maneno ya dini? Na kama ulitoka huko, tofauti kati ya kurithi na kuazima ina uzito gani?

Mleta mada:

Ndugu, swali lako ni la haki na nilipaswa kulitengea nafasi. Kuweka kitenzi mwisho ni kawaida ya karibu lugha zote za kundi la Kitibeti-Kiburma, yaani tawi la familia ya Kisino-Tibeti ambamo Kiburma kimo, zikiwemo zile za milimani ambazo Ubuddha haukuzifikia. Kikaren, ambacho kimekaa muda mrefu kati ya lugha zinazoweka kitenzi katikati, ndicho kilichobadilika. Aidha mpangilio huo umetapakaa ulimwenguni: Kijapani kinao, Kituruki kinao, na jirani yetu Kiamhari kinao. Sifa inayopatikana kila mahali haiwezi kuwa ushahidi wa nasaba.

Ni kweli kwamba maneno ya kuazima yapo. Mburma akitoa sadaka au kuabudu husema “puzaw”, na Mtulu huita ibada “puje”. Asili ni moja, ila Mburma amelipokea neno kupitia Kipali na Mtulu kupitia Kisanskriti. Neno la Kiburma la chuo kikuu, “tekkatho”, limetokana na Takkasila, jina la Kipali la mji wa kale wa elimu ambao magofu yake yako Pakistan ya leo. Lakini Kiswahili nacho kina kitabu, saa, dunia na habari, na Kituruki kina kitap, saat, dünya na haber, na hakuna anayedai kwamba Mswahili na Mturuki wamezaliwa tumbo moja. Kila mmoja alikopa kwa Mwarabu.

Uzito wa kurithi unaonekana katika maneno ya msingi yanapobadilika kwa kanuni. Tatu kwa Kitulu ni “muji” na sita ni “aji”. Kwa Kikannada ni “muru” na “aru”. Mabadiliko hayo ya “r” na “j” yanajirudia, na ndiyo yanayothibitisha kwamba lugha hizo mbili zilitoka kwa mama mmoja. Kwa upande wa Kiburma, tatu hutamkwa “thon” lakini huandikwa kwa tahajia ya kale inayosomeka “sum”, na Kitibeti huandika “gsum”; tano ni “nga” na Kitibeti huandika “lnga”. Tahajia ya Kiburma ina faida hiyo kwa mtafiti, kwamba inahifadhi matamshi yaliyokwisha kufa. Ndiyo maana pia Waingereza waliandika Rangoon na wenyeji wanasema Yangon: “r” ya zamani imegeuka “y” katika Kiburma cha kati, na Warakhine wa pwani ya magharibi bado wanaitamka “r”. Ukiziweka “muji” na “thon” pamoja, au “aji” na “chauk” ambayo ni sita ya Kiburma, hutapata kanuni yoyote.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nimesoma mahali kwamba Kitulu ni lahaja ya Kikannada tu, na kwamba madai ya kukiita lugha ni ya kisiasa. Lugha isiyo na hati yake, isiyo na magazeti makubwa na isiyotambuliwa na serikali ya nchi yake inalinganishwaje na lugha ya taifa?

Mleta mada:

Kuhusu lahaja, jibu ni fupi. Robert Caldwell alipochapisha sarufi linganishi ya lugha za Kidravidi mwaka 1856 alikihesabu Kitulu kuwa lugha kamili, na uainishaji unaofuatwa na wanaisimu wengi leo unaonyesha kwamba Kitulu kilijitenga na tawi la kusini mapema, kabla Kikannada na Kitamil hazijaachana. Ukikiita Kitulu lahaja ya Kikannada, itakubidi uanze kwa kukiita Kitamil hivyo.

Kuhusu kutambuliwa, umesema kweli kuwa hakimo katika orodha ya lugha 22 za Katiba ya India, na kwamba mipaka ya majimbo iliyochorwa mwaka 1956 kwa kufuata lugha iliwagawa wasemaji wake kati ya Karnataka na Kerala. Lakini tazama waliomo. Kisanskriti kimo, na katika sensa ya 2011 waliokitaja kuwa lugha yao ya mama walikuwa 24,821. Kimanipuri kimo kwa wasemaji 1,761,079, na Kibodo kimo kwa wasemaji 1,482,929. Kila kimoja kiko chini ya Kitulu. Hizi mbili za mwisho ni za kundi la Kitibeti-Kiburma, yaani jamaa wa mbali wa Kiburma walio ndani ya mipaka ya India. Kibodo kiliingizwa mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya harakati, za amani na za silaha, katika jimbo la Assam. Watulu wameandika maombi na kukusanya saini. Kila msomaji na apime mwenyewe ni kigezo gani kilichotumika. Cha isimu hakikuwa.

Mchangiaji wa nne:

Vijana wangu, nimefuatilia kwa utulivu. Marehemu baba yangu alikuwa askari wa K.A.R. (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma. Alirudi na maneno kadhaa ya Kihindi, lakini sikumsikia akitamka neno la Kiburma. Je, ni ugumu wa lugha? Na kijana wa leo akitaka kujifunza moja ya lugha hizi, ipi itamsumbua zaidi?

Mleta mada:

Shikamoo mzee wangu.

Sidhani kwamba ni ugumu wa lugha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika msimu wa mvua wa huko wa mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Bonde lile lilikuwa na watu wachache na malaria nyingi. Ndani ya vikosi amri zilitolewa kwa Kiswahili, na kambi za mazoezi na mapumziko zilikuwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na India, ambako jeshi la Wahindi liliendeshwa kwa Kihindustani. Askari hujifunza lugha ya soko na ya kambi, na pale mbele hapakuwa na soko.

Kuhusu kujifunza, naona sarufi ya Kitulu ingemwelea Mswahili mapema zaidi. Viambishi vinavyobebana, kitenzi kinachomtaja kiima, kukanusha kwa kubadilisha umbo la kitenzi kama katika “yan barpuji”, yaani “siji”, yote hayo tumezaliwa nayo, na kilichobaki ni kuyahamishia mwisho wa neno. Kiburma kitamsumbua kwa toni, na kitamsumbua tena atakapofungua kitabu, kwa sababu Kiburma cha maandishi rasmi kina viungo vyake: “de” ya mazungumzo inakuwa “thi”, na vingine vingi vinabadilika hivyo, kiasi kwamba anayejua kuzungumza tu hawezi kusoma taarifa ya serikali bila kufundishwa.

Lakini vifaa vya kujifunzia vinageuza hesabu hiyo. Kwa Kiburma ataanza na kazi za tangu Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani aliyefika mwaka 1813 na kukamilisha tafsiri ya Biblia mwaka 1834, hadi kozi za vyuo vikuu vya leo. Kwa Kitulu ipo kamusi kubwa ya juzuu sita iliyotolewa Udupi kati ya 1988 na 1997, ila vitabu vingi vya mwanafunzi vimeandikwa kwa Kikannada, hivyo atalazimika kupitia mlango wa lugha nyingine kwanza. Hata kwenye simu mambo hayakuwa rahisi kwa upande wowote. Wamyanmar kwa miaka mingi walitumia fonti iitwayo Zawgyi isiyopatana na kanuni za Unicode, yaani kanuni za kimataifa za kuonyesha herufi kwenye kompyuta na simu, na nchi ilihamia Unicode rasmi tarehe 1 Oktoba 2019. Hati ya Kitulu iliingizwa katika Unicode Septemba 2024, kwa jina la Tulu-Tigalari, na kwa sasa kijana wa Mangalore akimwandikia mama yake ujumbe kwa Kitulu bado hutumia herufi za Kikannada au za Kiingereza.